Usiisugue, Ipige Picha Kwanza

Haipiti wiki simu yangu haijaingia picha ya sarafu ya kale. Anayeituma ni ndugu, au jirani wa huku Rau, Moshi, au mtu aliyepewa namba yangu na mtu, na swali huwa lile lile: "Dada, hii ni bei gani?" Naikuza picha. Naona kiganja cha mkono, weupe wa flashi katikati, na pembeni ukungu mtupu. Mwaka hausomeki, maandishi hayaonekani, na kama ni shaba au fedha siwezi kusema. Mwenye sarafu keshaambiwa na dalali kwamba ni ya mamilioni, au keshaambiwa si kitu, aiachie kwa buku mbili yaishe.

Picha mbovu ndiyo mtaji wa dalali. Mzee mwenye picha safi ya pande zote mbili, na uzito wake umeandikwa pembeni, anaweza kuuliza watu watano kabla sarafu haijatoka mkononi mwake. Asiye nayo anabaki kumwamini aliyefika mlangoni. Ndiyo maana nasema kupiga picha sarafu nyumbani si starehe ya wenye kamera za bei mbaya. Ni ulinzi, na simu ya kawaida inatosha.

Niliyajua haya kwa hasara. Bibi yangu wa Kibosho alituachia kopo la maziwa ya unga lenye sarafu: heller zenye tundu katikati, senti kumi za Mwingereza, rupia moja ya fedha, na pesa mbili za shaba. Naziita pesa kwa sababu hilo ndilo jina lake. Kampuni ya Wajerumani ilizitoa kati ya 1890 na 1892, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa heller 100. Midomo yetu ikaigeuza heller kuwa hela, na kila anayesema leo "sina hela" analitaja jina la sarafu iliyomo kwenye kopo la bibi.

Pesa zile mbili nilizipeleka kwa mpiga picha mmoja mjini. Niliporudi jioni nikakuta moja imesuguliwa kwa ndimu na majivu, "ili itoke vizuri". Ilikuwa na rangi ya waya mpya wa umeme. Manyoya ya tai aliyechorwa juu yake yamelala, ukingo wa herufi umelainika, na ile rangi ya kahawia iliyochukua zaidi ya miaka mia kujijenga imekwenda na maji ya beseni. Sikupiga kelele. Nilizifunga kwenye leso nikapanda bodaboda, na njia nzima roho iliniuma.

Rangi ile ya uzee si uchafu. Ni ngozi ya sarafu. Shaba inapokaa na hewa inajivika utando wa kahawia au wa kijani uliotulia, na utando huo unaishikilia ile michoro midogo. Ukiung'oa, unang'oa na sehemu ya mchoro. Vumbi lipulize, au lipanguse kwa brashi laini ya rangi, basi. Ukiona unga wa kijani mbichi unaomeguka, hiyo ni kutu inayokula: iweke sarafu peke yake, pakavu, nayo ipige picha jinsi ilivyo.

Pesa ya pili niliipiga mwenyewe, mezani kwangu, dirishani. Ilikuwa Julai, na wenyeji wa Moshi mnajua asubuhi za Julai: wingu limekaa kifuani mwa mlima, jua halionekani mpaka saa tano. Mwanga ule ni mlaini, hauchomi, na kwa kupiga sarafu sijaona unaoushinda. Niliweka karatasi nyeupe, juu yake kipande cha kifutio, na juu ya kifutio sarafu, ili iinuke na kivuli chake kianguke mbali. Simu niliilaza juu ya marundo mawili ya vitabu, kamera ikichungulia katikati, sentimita ishirini hivi juu ya sarafu. Wengi huisogeza simu mpaka inakaribia kuibusu sarafu, na hapo simu inajitilia kivuli yenyewe na kuupinda mduara. Rudi nyuma, kuza mara mbili, pembeni utakata baadaye. Gusa kioo juu ya sarafu na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, punguza mwanga kidogo, weka saa ya sekunde tatu, toa mkono.

Picha ya kwanza haikuwa na kitu. Shaba tupu, kama kifungo. Nikafunga pazia, nikaacha ufa wa kiganja kimoja, mwanga ukaingia ukiwa umelala, ukiipapasa sarafu kutoka ubavuni. Hapo maandishi yakasimama. Kila herufi ya Kiarabu ilipata kivuli chake, na chini yake tarakimu nne ambazo kwa macho nilikuwa nadhani ni mikwaruzo.

Nilimpelekea maalim wa madrasa ya jirani. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Shikamoo, maalim. Panasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sharika Almania. Shirika la Ujerumani. Na huu mwaka ni 1309, wa Hijria."

Upande wa tai umeandikwa 1892. Sarafu moja, kalenda mbili, na neno shirika liko pale pale, lile tunaloliandika leo kwenye barua. Kampuni ilijua kwamba huku kwetu wengi waliojua kusoma walisoma herufi za Kiarabu, ikaandika kwa herufi hizo. Bila ule ufa wa pazia nisingeyajua haya, na ile pesa iliyosuguliwa haiwezi tena kuyasema, hata uimulike vipi.

Fedha ina tabia nyingine. Rupia inarudisha mwanga kama kioo, na uso wa Kaiser Wilhelm wa Pili, na ile kofia yake yenye tai juu, unageuka doa jeupe. Nilitoa kioo kwenye fremu ya picha ya harusi, nikakiegemeza juu ya sarafu kwa mshazari wa nyuzi 45, taa ya mezani ikipiga kioo kutoka pembeni. Mwanga unagonga kioo, unashuka wima juu ya fedha, na simu inaangalia kutoka juu kupitia kioo hicho hicho. Kisha nikaenda kwa sonara anipimie. Rupia kamili ni gramu 11.66, iliyotembea mikononi hupungua kidogo, lakini ikipungua sana au ikizidi, uliza maswali. Uzito huo uandike kwenye jina la picha, usitegemee kichwa.

Na piga pande zote mbili. Wanaonitumia picha huupenda upande wenye kichwa cha mtu au mnyama, wakauacha wa maandishi. Tazama sarafu za shaba za Kilwa, za masultani wa zamani kabla Mreno hajafika: upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mola, na pande hizo mbili zinaingia vina kama mishororo ya shairi. Mwaka hazina. Ukipiga upande mmoja umepiga nusu ya ubeti. Ukiokota ya namna hiyo pwani, ipige picha palepale ilipolala, andika mahali, kawaarifu watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuiuza kichochoroni ni kuwaibia wenzako.

Heller nazo zina herufi ndogo sana ya mji zilikogongwa, A ya Berlin au J ya Hamburg. Picha isiyoonyesha herufi hiyo irudie.

Mpaka sasa nimepiga nusu ya kopo. Moja nimeirudia mara nne na bado: heller 20 ya 1916 yenye herufi T, ya Tabora. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ulaya, Wajerumani wakazigonga pale pale Tabora kwa shaba nyeupe na nyekundu waliyoipata. Uso wake una mabonde, na kuna mstari mwembamba unaokatiza karibu na taji, nadhani ni alama ya ufa wa muhuri wa chuma ulioigonga sarafu. Mwanga wa kulala unautoa mstari lakini unaficha taji. Mwanga wa juu unatoa taji, mstari unapotea. Mpwa wangu anasema nichukue programu ya simu niunganishe picha mbili ziwe moja. Sitaki. Nitaziweka zote mbili, kila moja na mwanga wake, na jina la bibi juu.