Tenofovir haiachwi kienyeji

Makala moja niliyosoma imesema wagonjwa wa homa ya ini B huacha dawa wakishajisikia vizuri. Hilo limetufika nyumbani. Kaka yangu alikuwa akimeza tenofovir, dawa ya homa ya ini B, kila usiku baada ya kula, akaja jirani na chupa ya mizizi, vidonge vikabaki kabatini. Baada ya miezi minne macho yake yalikuwa njano kama binzari, mkojo kama chai ya rangi. Jamani, dawa hii haimalizi virusi, inavizuia kuzaliana. Ukiikatisha bila daktari vinaweza kuamka kwa nguvu. Homa ya ini C ndiyo wengi hupona kwa vidonge vya wiki 12. Wenye B, nawaomba sana wapelekeni wenza na watoto wakapimwe, ambao hawana virusi wachanjwe. Kaka amerudi kwenye dawa, na kila miezi 6 anapigwa ultrasaundi ya ini.