Nani Alipe Basi la Galesburg?

Galesburg ni mji mdogo wa Illinois, lakini wapenda reli wa Marekani wanaujua vizuri. California Zephyr, treni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la nchi hiyo, inayotoka Emeryville karibu na San Francisco, hupita hapo siku ya tatu ya safari, mnamo saa 5 na nusu asubuhi, ikiwa imebakiza kama saa tatu kuingia Chicago. Ikifika kwa wakati, watu hushuka kunyoosha miguu. Ikichelewa mno, baadhi ya abiria huambiwa washuke na mizigo yao kabisa, basi linawasubiri nje.

Basi hilo linatokana na ahadi. Ukikata tikiti moja yenye treni mbili, na muda wa kubadilisha ukiwa ule unaokubalika, treni ya kwanza ikichelewa mzigo ni wa Amtrak. Watakutafutia nafasi kwenye treni inayofuata, au hoteli, au basi. Sisi tuliokulia kwenye stendi ambako aliyeachwa na gari huulizwa tu, "Ulikuwa wapi?", tunaisikia habari hii kama hadithi ya abunuwasi. Ila ipo. Na wapo wanaoiona ni anasa: kampuni inayoishi kwa ruzuku inakodije basi zima kwa ajili ya watu kumi na wanane?

Haya, tupige hesabu. Tuseme Zephyr imechelewa saa sita. Itaingia Chicago karibu saa 3 usiku, na treni ya City of New Orleans huondoka saa 2 na dakika chache. Abiria wa Memphis na New Orleans wameshaachwa kabla hata hawajafika. Lakini saa 11 na nusu jioni wako Galesburg, na barabara kuu ya I-74 inatoka hapo hadi mji wa Champaign, kama kilomita 220. Basi litawafikisha saa 2 usiku hivi. Treni waliyokuwa waikose inapita Champaign saa 4 na nusu. Wana muda wa kula na hata kuchoka kusubiri.

Bei sasa, na hizi ni za kukisia, badilisha utakavyo. Basi la kukodi dola 2,000. Kumlaza abiria mmoja Chicago, kumlisha na kumlipia teksi, dola 210. Kwa abiria 18, hoteli inakula dola 3,780. Basi limeshinda kwa mbali, na limeshinda kuanzia abiria wa kumi. Wakiwa watatu, usilipeleke, walaze hotelini. Tena hoteli haimalizi kazi, maana kesho treni inaweza kuwa imejaa, na ukaanza upya kuwalisha watu walewale.

Kwa hiyo anayelilalamikia basi analalamikia chaguo lililo nafuu. Dhamana yenyewe hugharimu kidogo siku treni zinapokwenda sawa. Kinachogharimu ni kuchelewa, na hapa ndipo ninapoona bili inapelekwa mlango usio wake.

Asilimia kama 70 ya maili zinazosafiriwa na treni za Amtrak ziko juu ya reli za kampuni nyingine. Zephyr, kutoka Denver hadi Chicago, iko kwenye reli ya BNSF. Magharibi ya Denver ni Union Pacific. Biashara yao ni mizigo, na siku hizi treni za mizigo zimerefushwa hadi nyingine haziingii kwenye njia ya kupishania. Treni fupi ndiyo inayojibanza pembeni, na treni fupi ni ya abiria. Sheria ya 1973 inasema abiria apewe kipaumbele. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka ya kuisimamia mahakamani ni mwanasheria mkuu wa serikali, naye amefungua kesi mara mbili tu: 1979 dhidi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific kuhusu treni ya Sunset Limited, na 2024 dhidi ya kampuni ya Norfolk Southern kuhusu treni ya Crescent. Miaka 45 katikati. Mbwa wa hivyo hata mwizi humzoea.

Sisemi Amtrak ni malaika. Injini zao huharibika njiani, na mabehewa ya Superliner ya kwanza yalianza kazi 1979, yamezeeka wazi. Basi lililosababishwa na injini yao ni lao, walipe kimya kimya. Lakini makondakta tayari huandika dakika za kila ucheleweshaji na chanzo chake. Na Amtrak tayari huzilipa kampuni za reli bonasi treni ikienda kwa wakati. Kazi iliyobaki ni ya karani: bili ya basi ibandikwe kwenye dakika zilizolisababisha, na ikatwe kwenye bonasi ya aliyezisababisha. Mkataba hauruhusu? Mikataba huandikwa na watu.

Njia nyingine ya kukwepa mabasi ni kurefusha ratiba. 2014, treni za mafuta ghafi ya North Dakota zilipoziba njia ya Empire Builder, treni nyingine ya Amtrak, ratiba yake ililegezwa. Naikubali kama bandeji. Ila unapoongeza saa tatu kwenye ratiba, unazichukua kwa kila abiria, kila siku, hata asiyeunganisha treni yoyote, na saa hizo haziandikwi kwenye kitabu cha hesabu cha mtu. Bili ya basi angalau inaonekana. Labda ndiyo maana inachukiwa.

Treni ya Cardinal ndiyo inayonipa shida. Hutoka Chicago Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tu. Ukiachwa Jumamosi, nyingine ni Jumanne. Anayekwenda Washington anaweza kupitishwa njia nyingine, lakini wa White Sulphur Springs, huko West Virginia, hana treni nyingine, na barabara ni ndefu. Sheria ya Marekani inampa dereva wa basi saa kumi za kuendesha, na safari hiyo pamoja na vituo inazimaliza, kwa hiyo madereva wawili. Usiku kucha. Pengine kwa abiria wanne. Hapo hesabu yangu ya abiria kumi inaanguka, nami bado nasema lipelekwe, kwa sababu tikiti iliandikwa White Sulphur Springs, wala haikuandikwa "tukijaza watu kumi".