Yeti aliyeganda mlimani

Ndani ya Walt Disney World, bustani ya burudani huko Florida, Marekani, kuna mlima wa kujengwa wenye kimo cha karibu mita 60. Kivutio hicho kinaitwa Expedition Everest, kilifunguliwa Aprili 2006. Gari la reli likikaribia mwisho wa safari, abiria hukatiza mbele ya Yeti, zimwi la Himalaya lenye kimo cha mita saba na ushee. Lilitengenezwa lijirushe mbele na kunyoosha mkono kama linataka kumnyakua mtu. Haukupita muda mrefu likazimwa. Badala yake zikawekwa taa za kumwekamweka, ili jicho lidhani kuna kinachosogea, na mashabiki wakalibandika jina: Yeti wa Disko.

Siwalaumu mafundi. Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wa mlima ule, aliwaeleza mashabiki mwaka 2013 kwamba mashine hiyo kubwa imekaa juu ya mnara, ndani ya jengo lililokwisha kukamilika, na kuifikia ni kazi ngumu mno. Aliahidi kwamba siku moja atalitengeneza. Alistaafu mwanzoni mwa 2021 akaliacha vilevile. Mapema 2022 mlima ulifungwa miezi kadhaa kwa ukarabati, ukafunguliwa tena, zimwi halijatikisika.

Kwangu mimi, kosa lilifanyika kwenye meza ya michoro. Anayebuni kitu kitakachofanya kazi kila siku kwa miaka 30 lazima aulizwe: kikivunjika, fundi atapita wapi? Winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, itafungwa wapi? Kipuri kikubwa kitaingilia mlango gani? Asipokuwa na jibu, mchoro urudi.

Hata palipo na njia, kazi yenyewe ni nzito. Inafanyika usiku, katika saa chache kati ya wageni kutoka na wengine kuingia. Sanamu za haidroliki, zinazosukumwa na shinikizo la mafuta, huvujisha mafuta hayo sili, yaani vizibo vyake, zikichoka. Ngozi ya silikoni huchanika pale kiwiko kinapokunjwa maelfu ya mara. Mashine za ukungu huziba, na projekta ikisogea hata kidogo tu, uso unaorushwa kwa mwanga juu ya sanamu unaangukia shingoni. Na katika foleni ya matengenezo, vitu hivi huwa nyuma. Breki ikiwa na hitilafu, safari inasimama, na ndivyo inavyopaswa. Moshi usipotoka, gari linaendelea kuzunguka, tiketi zinauzwa kwa bei ileile, na ombi la fundi linasubiri bajeti. Kesho taa nyingine inakufa, kesho kutwa spika.

Ninachokipenda ni ukumbi wa dansi wa Haunted Mansion, nyumba ya mizimu kule Disneyland, California, uliofunguliwa mwaka 1969. Mizimu inayocheza pale ni taswira tu kwenye vioo vikubwa. Sanamu zenyewe zimefichwa mahali ambapo mgeni hazioni, zikimulikwa. Ni mbinu ambayo mwanasayansi John Henry Pepper aliionyesha London tangu 1862. Vioo vifutwe, taa zibadilishwe, mota zitiwe mafuta, na mizimu itacheza.

Nyumba hiyohiyo ilikuwa na mzimu wenye sanduku la kofia, ambaye kichwa chake kilitakiwa kitoweke shingoni na kuonekana sandukuni. Hila haikukubali, akaondolewa muda mfupi baada ya ufunguzi. Alirudi Mei 2015, teknolojia ilipoweza kumbeba, na akafanya kazi. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu: kisichofanya kazi kiondolewe, kirudi kikiwa tayari.

Familia inayojinyima ili ifike Florida mara moja katika maisha yake inaona kile kilichopo siku ile tu. Kwa hiyo ningekubali mlima ule ufungwe mwaka mzima, ukuta utobolewe, mashine ishushwe vipande vipande na kujengwa upya, tena kwa mwendo mdogo kuliko wa kwanza. Mkono pekee ukisogea kila safari unatosha.