Povu Halifui Nguo

Haya, nani amemimina sabuni ya unga kwa mkono wa sherehe namna hii? Paketi ilipangiwa kufika mwisho wa mwezi, sasa imelala chali, tumbo limebonyea. Hatutafuti mchawi hapa. Tunauliza tu, kwa heshima na taadhima, ni mkazi gani wa nyumba hii anayeamini kuwa shati moja na jozi mbili za soksi zinahitaji sabuni ya kuoshea lori.

Jibu linajulikana. Kila nyumba ina shemeji mwenye moyo wa kusaidia, na shemeji hakemewi. Mtoto utamnyang'anya paketi, mdogo wako utamfokea, lakini shemeji unambembeleza huku moyo unavuja.

"Shemeji, pumzika bwana, hizo nguo zitafuliwa."

"Aa, shemeji! Mimi nimekuwa mgeni? Lete beseni."

Beseni linakuja. Shemeji analijaza hadi ukingoni, na hasara inaanzia hapo, hata paketi haijafunguliwa. Maji ya kufulia kwa mkono yanatakiwa yafunike nguo tu. Ukijaza, sabuni inakuwa hafifu, na dawa ya sabuni hafifu kila mtu anaijua: kuongeza. Kisha paketi inainamishwa. Si kijiko, si kifuniko, ni paketi yenyewe, tena juu ya nguo ambazo hazijalowa vizuri. Unga ulitakiwa ukorogwe kwanza kwenye maji mpaka uyeyuke wote, ndipo nguo ziingie. Ukirushwa juu kwa juu, chembe zinajificha kwenye mikunjo na mifuko, na nguo ya rangi inaweza kutoka na madoadoa ambayo hayakuwepo.

"Shemeji, inatosha hiyo."

"Bado, shem. Povu liko wapi?"

Ndiyo hiyo sasa. Povu liko wapi. Mtu amefika umri wa kuheshimika na bado anadhani povu ndilo linalofua. Povu ni hewa iliyonaswa kwenye maji ya sabuni, basi. Kinachong'oa uchafu ni chembe za sabuni zenyewe, ambazo upande mmoja zinashika mafuta na upande mwingine zinashika maji, zikayavuta mafuta yatoke kwenye uzi. Sabuni za mashine zinazofungukia mbele hutengenezwa makusudi zitoe povu dogo, na nguo zinatoka safi. Ukilazimisha povu ndani ya mashine, nguo zinaelea kwenye hewa badala ya kugongana na kusuguana, na ule msuguano ndio nusu ya kazi.

Kwa nguo zenye uchafu wa kawaida, kijiko kimoja cha mezani cha unga, kilichosawazishwa juu, kinatosha lita tano hivi za maji. Sabuni zinatofautiana ukali, kwa hiyo maelezo ya nyuma ya paketi yasomwe. Povu lina habari moja tu ya maana: likifa kabisa katikati ya kufua, mafuta na uchafu vimeizidi sabuni, na hapo una haki ya kuongeza kidogo. Kidogo, shemeji.

Lakini shemeji keshakunja mikono. Povu limepanda mpaka kwenye viwiko, anatabasamu, anaimba. Sisi tumesimama pembeni tunahesabu ndoo, kwa sababu kilichoingia sharti kitoke. Suuza ya kwanza, povu. Ya pili, povu. Ya tatu shemeji hataki tena kuimba. Ya nne anasema maji haya yana shida. Mwishoni anakata tamaa, anakamua, anaanika nguo zikiwa bado na sabuni ndani. Jioni shati linasimama lenyewe. Kola inakwaruza shingo, kwapa linawasha, nyeupe imefubaa, maana mabaki ya sabuni yanashika vumbi. Shemeji analipapasa shati, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sabuni yenu hii haina nguvu. Wiki ijayo tuongeze."

Mungu tupe subira.

Dawa ya nguo iliyokakamaa namna hiyo ni kuiloweka kwenye maji vuguvugu matupu, bila sabuni yoyote, nusu saa, kisha kuipekecha. Utashangaa povu litakavyotoka kwenye nguo iliyosemekana ni safi. Nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya mwisho ya kusuuzia nacho kinasaidia, hasa kama maji yenu ni magumu, yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Ila siki isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu, na hapo hatuzungumzii tena kubana matumizi.

Na kusuuza kwenyewe kuna hesabu. Chukua nguo iliyoshika lita moja ya maji ya sabuni. Ukiitumbukiza kwenye lita kumi za maji safi kwa mkupuo, inabaki na sehemu moja kati ya 11 ya ile sabuni. Zile zile lita kumi zigawe mara mbili, tano tano, ukikamua katikati mpaka ibaki tena lita moja: inabaki sehemu moja kati ya 36. Maji hayajaongezeka hata tone. Kwa hiyo kamua kwanza, ndipo ubadilishe maji. Anayehamisha nguo inayochuruzika kutoka beseni hadi ndoo anahamisha sabuni, hasuuzi. Maji ya suuza ya mwisho nayo yasimwagwe, yalowekee mzigo unaofuata, na maji ya sabuni yapite kwa zamu: nyeupe na zisizo chafu sana kwanza, rangi zikifuata, soksi na matambara nyuma kabisa.

Doa la damu ni maji baridi. Baridi! Ya moto yanaivisha ile protini inang'ang'ania uzi, ukafua mpaka kitambaa kikatoboka.

Kuanika: kung'uta nguo kwa nguvu kabla haijafika kambani, pasi itakuwa na kazi ndogo. Geuza ndani nje, na shati ulibane kwenye pindo la chini, si mabegani. Pasi ianzie kwenye nailoni ikiwa bado na joto dogo, imalizie kwenye pamba, na ichomolewe kabla ya nguo ya mwisho, maana joto lililobaki limeshalipiwa.

Sabuni ya mche nayo ikatwe vipande ikiwa mpya na iachwe kwenye hewa ikauke, majuma mawili matatu hivi. Ikipoteza maji inakuwa ngumu, na ngumu haiyeyuki ovyo mkononi. Kisha isikae kwenye dimbwi. Kila siku kipande kinalala ndani ya beseni, asubuhi ni uji.

Halafu anatokea mtaalamu, amevaa vizuri, anakwambia: nunueni kwa wingi, mtaokoa. Asante sana, mtaalamu. Kumbe tulikuwa tunanunua vipaketi kwa mapenzi! Hesabu hiyo tunaijua. Gawanya bei kwa gramu, mara nyingi kipaketi kidogo ndicho ghali kuliko vyote. Mwenye hela nyingi ananunua rahisi, mwenye hela ya leo ananunua ghali, na bado ndiye anayefundishwa kubana. Akili ya kununua gunia ipo, gunia ndilo halipo. Njia iliyobaki ni watu watatu kuchangia mfuko mmoja na kugawana kwa mizani. Kwa mizani, si kwa kikombe, la sivyo undugu utaishia hapo hapo mlangoni. Na wingi wenyewe una mtego: sabuni ya unga ikivuta unyevu inaganda mabonge, na maharage yakikaa sana yanagoma kuiva hata uyachemshe vipi. Ulichookoa kwenye bei unakirudisha jikoni kwa njia ya moto.

Maharage. Jamani, maharage. Loweka kwa muda wa saa nane hadi 12, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji au zaidi. Tia chumvi kwenye maji ya kulowekea, kijiko kimoja cha mezani kwa lita mbili, maana inalegeza ganda. Wanaosema chumvi inayafanya magumu wamechanganya na nyanya: nyanya, ndimu na siki ndivyo vinavyochelewesha, viingie maharage yakiwa yameshalainika. Maji ya kulowekea yamwagwe. Yakianza kuchemka kwenye maji mapya, funika na upunguze moto, kwa sababu maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena. Moto mkubwa unaongeza mvuke tu, na mvuke hauliwi.

Anayetaka kuokoa zaidi anaweza kuyachemsha kwa nguvu dakika 10 hadi 30, akaepua na sufuria yake yenye mfuniko, akaizungushia mablanketi ndani ya kikapu au boksi, ikae saa kadhaa. Yanajiivisha. Zile dakika za kuchemka kwa nguvu zisirukwe, hasa kwa maharage mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko halisi, si uvuguvugu. Ukifungua ukakuta yamepoa, yarudishe motoni yachemke kabla ya kula. Na asifungue mtu kila dakika kumi "kuangalia". Unaangalia nini? Joto lenyewe ndilo linatoka!

Wali uliobaki usilale juu ya jiko. Tandaza kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Kuna bakteria wanaoacha sumu isiyokufa hata ukiupasha upya, na siku moja ya kuumwa tumbo inameza akiba ya mwezi. Mkate uache friji, humo unachakaa haraka kuliko mezani. Ugandishe kabisa, au ule uliokauka unyunyize maji kidogo na uupashe. Viazi gizani, vitunguu penye hewa, visilale kitanda kimoja, maana vinaharibiana. Mashina ya mboga yakatwe membamba yatangulie kwenye sufuria, majani yafuate.

Haya yote yanadai mfuniko, na sufuria ya wastani mfuniko wake haujulikani ulipo tangu shemeji aoshe vyombo. Sahani ya bati inafunika vizuri tu, ilimradi iwe pana kuliko mdomo wa sufuria na ishikwe kwa kitambaa kikavu. Kikiwa kimelowa kinapitisha joto, utaiachia sahani na mchuzi juu yake.