Ukinitumia wimbo, niambie nisikilize wapi

Kila kundi la WhatsApp la ukoo lina mzee wake wa muziki. Jumapili alfajiri, watu hata mswaki hawajapiga, anatupia wimbo wa Marijani Rajabu na chini yake maneno yaleyale: "Huu ndio muziki. Siyo kelele zenu za siku hizi." Vijana wanaweka kidole gumba, basi, yameisha. Hakuna aliyeufungua. Bando ni la mtu, na nani atatumia bando lake kwenda kusemwa?

Wimbo wenyewe hauna kosa. Marijani hakuitwa Jabali la Muziki kwa kubahatisha. Kinachouua ni hayo maneno ya chini, maana yanamgeuza msikilizaji kuwa mshitakiwa kabla gitaa halijalia.

Jambo hili linanigusa kwa sababu na mimi ni walewale. Nina ugonjwa wa nyimbo za zamani, na nina ugonjwa wa pili wa hawa wanamuziki wanaojirekodia wenyewe chumbani, wasio na lebo wala meneja, ambao redio hazijui ziwaweke kipindi gani. Jioni nikishakula kazi yangu ni kuwatumia watu nyimbo ambazo hawakuniomba. Nina msimamo mmoja tu: ukinitumia wimbo, niachie hukumu zako, nionyeshe mahali pa kusikiliza.

Tuanze na hii kauli kwamba muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe. Upo uliokuwa nao. Upo pia uliokuwa wa kulisifu shirika lililonunua vyombo, na mwingi, mwingi mno, ulikuwa wa mpenzi umeniacha naomba urudi, hali yangu mbaya. Hatuukumbuki kwa sababu umechujwa. Hadi redio binafsi zilipoanza kuingia hewani mwaka 1994, bendi ya Tanzania ilikuwa na mlango mmoja wa kupitia, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mashairi yalipitiwa kwanza, ndipo bendi iingie studio. Kiwanda cha kufyatulia santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya nao ukafungwa. Kwa hiyo zinazotufikia leo zimepita chujio la watu, halafu chujio la miaka. Kuziweka mizani na kila kitu kilichotoka wiki hii ni kuwaonea vijana.

Na kama ujumbe ndio kipimo, basi mfikirie Remmy Ongala. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi" uliwaambia watu wavae kondomu, wakati Ukimwi unamaliza nyumba na wengi hata kuutaja waliona haya. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliujua kwa kuusikia ukumbini na kwenye kanda. Yaani katika enzi hiyohiyo tunayosifu kwa ujumbe, wimbo wenye ujumbe mzito kuliko yote ndio uliofungiwa mlango. Mzee wa kundi la ukoo hautumi huo. Labda kwa sababu watoto wa shangazi wamo.

Sasa twende kwenye kuonyesha mahali, maana hapo ndipo raha ilipo.

Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Usinitumie na kusema ni dhahabu. Nimeshaucheza kwenye harusi kuliko nilivyocheza muziki wa bwana harusi. Niambie hivi: kabla hajaimba mtu, sikiliza magitaa. Les Wanyika walimeguka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978, pale Nairobi, na waliotoka ndio waliokuwa wamebeba uti wa mgongo: Profesa Omari Shabani kwenye gitaa la rithimu na Tom Malanga kwenye besi. Akaongezeka John Ngereza na solo lake jembamba, safi, lisilojaza kila nafasi kwa kuogopa ukimya. Ukisikiliza kwa spika ya simu unapata solo na sauti tu. Vaa spika za masikioni, achana na waimbaji, mfuate Malanga peke yake. Besi yake haikimbii. Inasema neno, inanyamaza, rithimu ya Omari inalijibu, nayo inarudi. Wimbo mzima ni mazungumzo ya watu wawili waliozoeana, na huyu anayelalamika mbele kwamba hana makosa ni kama jirani aliyepita akapaza sauti. Msikilize Malanga mara moja hivyo, kesho harusini utawaona watu wote wanacheza solo wewe peke yako uko kwenye besi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa simu hawawezi kulijua wasipoambiwa. Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa: upande wa kwanza hadithi, taratibu, mashairi yote, unanyanyuka, unageuza santuri, upande wa pili chemko, magitaa yanachanganya, miguu inafanya kazi yake. Wanaozipandisha mtandaoni mara nyingine wanaunganisha pande mbili, na ukitega sikio unasikia pale paliposhonwa: sauti inafifia kidogo, kisha inapanda na ukali wa tofauti. Wengine wanapandisha upande wa kwanza tu. Kuna watu wamependa wimbo miaka na miaka hawajui kwamba nusu yake tamu hawajawahi kuisikia! Ukinitumia wa namna hiyo bila kuniambia upande wa pili uko wapi, umenipa wali bila mchuzi.

Kwenye majina ndiko kwenye aibu zaidi. Spotify ilipofunguliwa kwetu mwaka 2021 nilifurahi kama mtoto, nikaanza kutafuta. Nyimbo zipo, lakini mwaka unaoandikwa mara nyingi ni wa mkusanyiko uliotolewa baadaye, hivyo mtu kama Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, unaweza kumkuta anahesabika kama ametoa kazi juzi. Mpiga besi hatajwi. Mpiga tumba ndiyo kabisa. Bendi yenye watu kumi na zaidi inageuka jina moja. Simlaumu sana aliyepakia, pengine hakuwa na kava mkononi. Lakini wewe unayejua, ambaye baba yako alikuwa akiwataja wote kwa majina na mitaa waliyokaa, kwa nini unatuma bila kuandika mstari mmoja?

Watu wanapenda kusema wanamuziki wa zamani walikuwa huru, hawakuendeshwa na biashara. Hapana. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, Sikinde wenyewe, ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa nayo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Akikorofishana na uongozi anatoka na vidole vyake tu. Gitaa linabaki ukutani. Ndiyo maana kuhama bendi kulikuwa habari kubwa mjini, na ndiyo maana bendi mpya ilianza kwa kutafuta mwenye vyombo kabla ya kutafuta mwimbaji. Mshahara wa kila mwezi ulikuwa na faida zake, sikatai. Uliwapa watu miaka ya kufanya mazoezi kila siku kwa pamoja, na hilo unalisikia kwenye magitaa yale.

Uhuru wa kutomwomba mtu vyombo umekuja na kompyuta. Na kwa upande wetu huu wa Afrika sijui mfano ninaoupenda kuliko Just a Band wa Nairobi. Vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakatoa albamu yao ya kwanza, "Scratch to Reveal", mwaka 2008. Walikuwa wanapiga elektroniki iliyochanganyika na fanki na soul, kitu ambacho redio zilikuwa zinakiangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Wakafanya kila kitu wenyewe, mpaka video za katuni. Kisha mwaka 2010 wakaachia video ya "Ha-He", yenye jamaa mwenye afro na kitambaa kichwani anayeitwa Makmende, anatembeza kichapo kwa mtindo wa filamu za Kimarekani za miaka ya sabini. Wakenya wakaichukua ile picha wakaanza kuichezea: Makmende kwenye kava za majarida, Makmende kafanya hili, Makmende kafanya lile. Mpaka CNN ikaripoti. Wengi wanakiita kichekesho cha kwanza cha Kenya kusambaa namna ile kwenye intaneti.

Nikimtumia mtu wimbo huu namwambia afunge macho. Makmende amewameza wanamuziki wenyewe. Ondoa video, utagundua kwamba chini ya ule utani kuna watu waliokaa usiku mwingi wakihangaika na sauti ya ngoma moja. Baadaye waliachana taratibu: Jim Chuchu na Mbithi Masya wakazama kwenye filamu, Blinky Bill akatoa albamu yake peke yake mwaka 2018. Hiyo ya Blinky Bill itafute. Ni ya kusikiliza mwanzo hadi mwisho ukiwa kwenye basi la mkoani, siyo daladala.

Upande wa Zanzibar nitasema kwa kifupi: Siti and the Band, albamu yao "Fusing the Roots" ya 2018. Mwanamke anaimba huku anapiga udi, na taarabu inakutana na fanki na rege bila kuvunjiana heshima. Fuata udi. Ukichoka na udi, fuata fidla.

Najua msomaji wa umri wangu hapa anatikisa kichwa kwa raha, anajiona si mzee yule wa Jumapili. Subiri. Sisi tuliokua na kanda za Bongo Fleva tumeanza ugonjwa uleule, tena kwa kasi. "Bongo Fleva ya kweli iliishia kwa P-Funk," yule mtayarishaji wa enzi zetu. Nimeisikia kwenye vijiwe, kwenye daladala, na mdomoni mwangu mwenyewe. Tunamtumia kijana wa miaka kumi na tisa "Ndio Mzee" ya Professor Jay tukimwambia hapo ndipo palikuwa na akili. Kijana anasikia mtu anapiga hotuba, haelewi. Mwambie badala yake asikilize wale wanaoitikia. Mgombea anaahidi makubwa kuliko nchi, na umati unajibu kila ahadi kwa utii uleule, sauti ileile, wala hawaulizi. Kichekesho kiko kwa wanaoitikia kuliko kwa anayehutubia. Kisha mwambie kwamba mwimbaji huyohuyo aligombea ubunge wa Mikumi mwaka 2015 na akashinda. Atarudia wimbo mwenyewe, hutamwomba.

Jambo la pesa nalo nilitaje nisije nikaonekana mtu wa hisia tu. Huyu anayejirekodia chumbani ukimsambazia faili lililonyofolewa, hata ndururu haimfikii, na hesabu yake ya wasikilizaji haisogei. Mtumie mtu linki ya ukurasa wake mwenyewe. Faili ni jepesi kwenye bando, nakubali, na ndiyo sababu kubwa watu hutuma faili. Kwa nyimbo za bendi zilizokufa, ambazo hata anayezipandisha hana uhusiano na waliopiga, sina ugomvi na faili. Kwa aliye hai anayelipa kodi ya nyumba, nina ugomvi.

Mpwa wangu nilimtumia Les Wanyika na maelekezo: dada, waimbaji waache, fuata besi. Kesho yake akanijibu kwa singeli ya mtayarishaji Sisso, moja ya zile za studio ya Mburahati, Dar es Salaam, ambazo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizikusanya mwaka 2017. Mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Moyo wangu ulitaka kuomba ruhusa. Chini yake kaandika: "Anko, usihangaike na ngoma, utaumwa. Kuna kinanda kinazunguka huko nyuma, kisikilize hicho tu." Nikakisikiliza. Ni kinanda cha taarabu, kimekatwa kipande na kuongezwa mwendo hadi kinalia kama king'ora, lakini ile miondoko huwezi kuikosea kama ulilelewa na mama anayefungua redio mchana. Nimemwomba anitumie nyingine, na safari hii anitajie na jina la aliyekipiga kile kinanda.