Lami inabanduka kama ukoko halafu mnalaumu mvua

Juzi nimeshuka daladala kituoni kwetu, pale walipomwaga lami juu ya zege la zamani, nikakuta pande zima limebanduka kama ukoko wa wali. Nikaliokota. Chini yake kukavu, vumbi la kijivu tupu, hata doa la kunata hakuna. Na abiria mwenzangu anasema eti mvua. Mvua imekosa nini jamani?

Siku wanamwaga nilikuwepo. Kijana kapitisha ufagio mara moja, vumbi likaruka likatua palepale, nyuma yake mwenzie na bomba anapulizia emalsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji, ndo gundi ya kushikisha lami mpya kwenye zege, hapa kajaza pale karuka, mistari mistari kama pundamilia. Kompresa ya kupulizia vumbi ilikuwepo, imepaki kivulini, mtu kaikalia anakula mihogo. Sasa ile emalsheni ikitoka ni ya kahawia, unaisubiri maji yaachane nayo igeuke nyeusi, hapo ndo inanata. Wapi! Malori ya lami yakapita juu yake bado kahawia, tairi zikaibeba yote zikaondoka nayo. Kwa hiyo tulipaka tairi.

Watu wanadhani lami ya sentimita 5 itakaa kwa uzito wake tu. Chukua mbao mbili, zilaze moja juu ya nyingine bila gundi wala msumari, simama katikati: kila moja inapinda kivyake na zinatelezana. Zigundishe, unasimama juu ya ubao mmoja mnene. Ndo hivyohivyo, lami ikishikana na zege wanabeba basi pamoja, isiposhikana inabaki peke yake, dereva akikanyaga breki inasukumwa mbele inachanika nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga. Ndo maana inaanzia vituoni na kwenye matuta. Na wewe unayemwaga emalsheni nyingi "ili ishike zaidi", hiyo inageuka grisi. Praimu, ile lami nyepesi ya kupaka kwenye kokoto ziinywe, nayo nimeiona inapakwa juu ya zege, sijui zege liinywe vipi!

Haya, nakubali, hata ugundishe vipi, zege likicheza kwenye maungio yake ufa utapanda juu siku moja. Ila ufa na kubanduka ni vitu viwili, injinia usinichanganye.

Lile pande nililiacha palepale. Jana nimemkuta konda kaliweka nyuma ya tairi la Coaster gari isirudi nyuma. Hapo limeshika.