Tiketi ya Kinkaku-ji: kiingilio au sadaka?

Ukilipa mlangoni Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu mjini Kyoto, Japani, hupewi kikaratasi cha kuchanwa. Unakabidhiwa karatasi ndefu yenye maandishi ya brashi na mihuri myekundu, yaani hirizi ya kuombea baraka nyumba yako. Kwa hirizi hiyo hekalu linakwambia kwamba hukununua kitu hapa, umetoa sadaka.

Hilo liliwahi kuzua mgogoro mkubwa. Mwaka 1985 jiji la Kyoto lilianza kutoza kodi ya yeni 50 kwa kila mtu mzima aliyeingia katika mahekalu mashuhuri, ili zisaidie kuuhifadhi mji wa kale. Mahekalu kadhaa yakagoma na kufunga malango, Kinkaku-ji na Kiyomizu-dera yakiwemo, na biashara za utalii zikaumia. Watawa walishikilia kwamba kumtazama Budha ni ibada, na ibada haitozwi kodi. Jiji nalo likasema hao wanaoingia ni watalii. Kodi ilifutwa mwaka 1988.

Kwa yanayoonekana kwa macho, jiji lilikuwa na haki. Watu wengi hufika Kinkaku-ji, wakapiga picha ng'ambo ya bwawa, wakaondoka. Na jengo lenyewe ni la mwaka 1955, kwani la awali lilichomwa na mtawa kijana mwaka 1950. Tena, sadaka gani hiyo yenye bei iliyobandikwa dirishani?

Ila mbao na magome hayangoji mjadala uishe. Paa la ukumbi mkuu wa Kiyomizu-dera, lililofunikwa kwa magome ya mti wa hinoki, liliezekwa upya kuanzia 2017 hadi 2020, tabaka juu ya tabaka. Hekalu la mtaani huishi kwa michango ya familia zinazozika wafu wao hapo. Mengi ya haya mashuhuri hayana familia za namna hiyo za kutosha, kwa hiyo mlezi wake ni mgeni. Horyu-ji kule Nara, lenye majengo ya mbao ya kale kuliko yote duniani, lilipandisha kiingilio mwaka 2025 kutoka yeni 1,500 hadi 2,000. Siwezi kulilaumu.

Waliotafuta njia nyingine ni Saiho-ji, hekalu la Kyoto lenye bustani ya kuvumwani, vile vimea laini vya kijani vinavyotanda ardhini kama zulia. Umati ulipozidi, mwaka 1977 waliacha kupokea kila ajaye. Sasa unaomba nafasi mapema, na kabla ya kuiona bustani unakaa kunakili maandiko kwa brashi. Mimi naona hao ndio waliolisimamia neno “ibada” kwa vitendo: wanakudai muda wako kwanza. Lakini wanadai pia yeni 4,000 na zaidi, na mkazi wa jirani aliyezoea kuchungulia kuvumwani akipita njia, naye sharti aombe nafasi kama sisi wa mbali.